Kuoka pryaniki nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu biskuti za viungo za Kirusi

Maswali haya nimeulizwa na watu walioonja pryaniki zangu wakaenda kujaribu jikoni kwao, na wengine waliosoma Urusi wakarudi na hamu yake. Aliyenifundisha ni bibi mmoja wa mji wa Tula, mwenye mikono mizito na maneno machache. Mwenye haraka aende swali la 5 apate vipimo, kisha asome la 12 kabla hajawasha moto.

## Mambo ya mwanzo

1. Pryaniki ni nini hasa?

Ni biskuti nene za asali na viungo, laini ndani, ambazo Warusi hula kwa chai. Usitegemee zikatike kwa mlio kama biskuti ya pakiti. Ukiivunja iliyokubali, inavutika kidogo kabla haijaachia, na harufu ya asali inakufikia kwanza, mdalasini unafuata. Nyingi huwa na ganda jembamba la sukari nyeupe juu.

Hapo kale zilikuwa unga wa rai (nafaka jamaa ya ngano), asali na maji ya matunda pori, basi. Asali ilikaribia kuwa nusu ya donge, ndiyo maana watu waliziita mkate wa asali. Viungo vilikuja baadaye, pale bidhaa za mashariki zilipoanza kufika kwenye masoko yao.

2. Jina lina maana gani?

Kwa Kirusi moja ni pryanik, nyingi ni pryaniki. Linatokana na neno lenye maana ya "enye viungo", ambalo asili yake ni jina lao la kale la pilipili manga. Piernik ya Poland ni ndugu wa jina hilohilo. Mimi nasema pryaniki kwa moja na kwa nyingi, kama tunavyosema biskuti.

3. Nasikia za Tula, za Vyazma, za Arkhangelsk. Zinatofautianaje?

Gawanya kwanza kwa namna ya kutengeneza. Kuna za kufinyangwa kwa mkono, kuna za kukatwa kwa kikopo, na kuna za kupigwa chapa kwa ubao wa kuchonga. Karibu kila unayoisikia inaingia katika kundi mojawapo.

Ya Tula ni ya chapa: pana, ya mstatili, ndani ina jamu, juu ina maandishi na maua. Tula iko kusini ya Moscow na inajulikana kwa vitu vitatu, yaani silaha, samova (birika kubwa la kuchemshia maji ya chai) na pryaniki. Maandishi ya kwanza yanayoitaja pryaniki ya huko ni ya mwaka 1685, na tangu 1996 mji una jumba la makumbusho la biskuti hiyo peke yake. Gorodets, mji ulio kando ya mto Volga, nao ni wa chapa, na sifa yao ni ukubwa. Vyazma, upande wa Smolensk, walivuma kwa ndogondogo. Za Arkhangelsk, kule kaskazini kwenye Bahari Nyeupe, huitwa kozuli na ni jambo jingine kabisa. Tazama swali la 25.

Zipo pia za mnanaa, nyeupe, zisizo na asali. Watoto wanazipenda. Mimi naziona kama dawa ya meno iliyookwa, kwa hiyo hazimo humu.

4. Si ndiyo biskuti ya tangawizi tu?

Hapana. Biskuti ya tangawizi inasimama kwa siagi na sukari, hukauka na kuwa karakara. Pryaniki inasimama kwa asali, siagi ni kidogo, na inatakiwa ibaki laini. Tangawizi yenyewe humo ni mwalikwa, si mwenyeji.

## Mahitaji

5. Nipe vipimo ninavyoweza kuanza navyo.

Hivi vinatoa pryaniki kama 35 za kawaida:

- asali gramu 250
- sukari gramu 100
- siagi gramu 100
- mayai 2
- unga wa ngano gramu 550 (anza na 500, uliobaki uweke kando)
- magadi soda kijiko 1 cha chai
- chumvi nusu kijiko cha chai
- mdalasini wa unga vijiko 2 vya chai, tangawizi kavu kijiko 1, iliki nusu kijiko, karafuu robo kijiko, kungumanga robo kijiko, pilipili manga kiasi cha kubana kwa vidole viwili

Tumia mizani kama unayo. Kikombe cha asali cha jirani yako si kikombe chako, na gramu 50 za asali zikizidi donge linageuka gundi.

6. Lazima iwe asali? Sukari na maji havitoshi?

Utapata biskuti, lakini si hii. Asali inashika unyevu, ndiyo inayofanya pryaniki ikae laini kwa wiki. Ina uchachu kidogo unaoamsha magadi soda, na inaifanya ipate rangi ya kahawia mapema. Ukiitoa, kazi zote tatu zinakosa mwenyewe.

Si lazima ununue ya bei mbaya. Asali nyeusi yenye harufu ya moshi, ile ya mizinga ya kienyeji, inaonekana vizuri hata chini ya viungo. Iliyoganda ni sawa, maana itayeyuka jikoni. Ya kuogopa ni ile iliyochakachuliwa kwa shira ya sukari. Donge lake huwa jepesi, na pryaniki zake zinakauka kabla ya siku tatu kwisha.

7. Viungo gani ni vya lazima, na kwa nini zangu zinauma ulimi?

Vya lazima kwangu ni mdalasini, karafuu na iliki. Tangawizi na kungumanga vinanogesha. Warusi wengine hutia giligilani ya mbegu iliyosagwa, na inakaa vizuri sana, hasa kwenye zenye rai. Mchanganyiko mzima wapishi wao wa zamani waliuita "manukato makavu".

Kuhusu kuuma ulimi, mtuhumiwa ni karafuu. Mapishi ya Kirusi yanadhania karafuu iliyosagwa zamani na kukaa kabatini tangu msimu uliopita. Wewe umeitwanga sasa hivi kwenye kinu, na labda imetoka Pemba mwaka huuhuu. Niliporudi mara ya kwanza nilifuata kipimo cha bibi yule neno kwa neno, nusu kijiko, na wageni wangu wakapata ganzi midomoni kama waliotoka kung'olewa jino. Robo kijiko inatosha. Iliki nayo twanga mbegu tu, maganda yake yanabaki kama vijiti kwenye meno.

8. Unga wa rai siupati. Nifanyeje?

Usihangaike. Rai ni nafaka ya nchi za baridi, jamaa ya ngano, na siku hizi pryaniki nyingi za Urusi kwenyewe ni za ngano tupu. Ukiupata, weka gramu 100 mahali pa gramu 100 za ngano: rangi itakolea, na ladha itakuwa na uchungu mdogo mzuri. Usizidishe, kwa sababu rai haivutiki, na donge lenye rai nyingi linakatikakatika ukilisukuma.

Atta ya chapati pia nimeijaribu kwa kiasi hicho. Inafaa.

9. Magadi soda, bekingi pauda au hamira?

Magadi soda. Asali inaiamsha, huhitaji ndimu wala siki. Bekingi pauda itaumua lakini inaacha pryaniki nyeupe na kavu zaidi. Hamira haina kazi hapa. Kwa zile za chapa punguza soda hadi robo kijiko, kwa sababu donge likiumuka sana picha inafutika. Tazama swali la 20.

## Kukanda

10. Wanasema unga "unapikwa" kwanza. Maana yake nini?

Kuna njia mbili. Ya haraka ni kuchanganya kila kitu kikiwa baridi. Ya pili, ninayoipendelea, ni kuupika unga kwa asali ya moto. Wanga ukipata joto unakunywa maji na kuyashikilia, na ndiyo maana pryaniki za njia hii zinachelewa kukauka.

Weka asali, sukari, siagi na chumvi kwenye sufuria, moto mdogo, koroga mpaka sukari iyeyuke. Isichemke, ukiona mvuke na vipovu pembeni, epua. Mimina nusu ya zile gramu 500 za unga pamoja na viungo vyote, kwa mkupuo mmoja, usonge kwa mwiko kama unavyosonga ugali, bila huruma. Litakuwa zito, linang'aa, na jiko zima litanukia. Acha lipoe mpaka kidole kikizama ndani kivumilie bila kushtuka. Hapo ndipo unatia mayai, soda, na unga uliobaki kidogokidogo.

Ukitia mayai mapema yanaiva ndani ya donge, na utaokota nyuzi za yai kwenye biskuti. Imenitokea, tena mbele ya watu.

11. Donge linanata mikononi. Niongeze unga?

Usiongeze. Narudia, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopotea: donge la pryaniki linapaswa kunata siku ya kwanza. Likiwa na uvuguvugu asali bado ni nyepesi. Ukiongeza unga mpaka liache mikono, kesho utakuta tofali. Paka mikono mafuta, likusanye, lifunge kwa plastiki, liweke kwenye friji. Kama kesho yake, likiwa baridi, bado linaganda kwenye kibao, hapo ndipo unapoongeza kijiko kimoja kimoja cha zile gramu 50 ulizoweka kando.

12. Kulaza usiku mzima ni lazima kweli?

Ni lazima kama unataka pryaniki. Ukilaza, unga unamaliza kunywa unyevu, asali inakaza, na viungo vinasambaa. Donge la jana na la leo ukiyaonja mbichi ni kama yametoka vyumba viwili tofauti. Usiku mmoja ndio mwisho wa chini. Siku tatu ni bora, na ukienda huko soda usiitie mpaka siku ya kuoka. Ifiche ndani ya kijiko cha unga uikande vizuri, isiache madoa ya kahawia yenye uchungu.

Siku yangu ya kwanza nilimuuliza yule bibi tunaoka saa ngapi. Akanijibu, "Ijumaa." Ilikuwa Jumatano.

## Kuoka

13. Moto kiasi gani, dakika ngapi?

Nyuzi 180, oveni iwe imeshapata moto. Sukuma donge unene wa sentimita moja, au viringa vidonge vya ukubwa wa limau dogo, panga kwenye karatasi ya kuokea ukiacha nafasi ya vidole viwili. Dakika 10 hadi 12.

Toa zikiwa bado laini. Ukibonyeza katikati kwa kidole, pabonyee kisha parudi polepole. Ukisubiri ziwe ngumu ndani ya oveni, zitakuwa ngumu maradufu zikipoa. Rangi ya chini iwe ya chai ya maziwa iliyokolea, isiwe ya kahawa.

14. Sina oveni. Sufuria na mkaa vinafaa?

Vinafaa, kama unavyooka keki: mkaa kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko. Weka kigae au sahani ya bati chini ya trei, kwa sababu asali inaungua upesi kuliko sukari ya keki. Oka moja ya majaribio kwanza uone dakika zako. Zangu huchukua 15 hivi, lakini jiko langu linavuja upepo.

15. Zimetoka ngumu kama kokoto. Nini kimeharibika?

Ama uliongeza unga (swali la 11), ama ulizidisha dakika (swali la 13). Mara chache sana huwa kingine.

Hazijapotea. Ziweke kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na kipande cha tufaha au cha mkate, usiku mmoja au miwili. Zitanyonya unyevu na kulainika. Ondoa kipande hicho kabla hakijaota ukungu.

16. Zimepasuka juu, au zimetanda kama chapati.

Kupasuka kidogo ni kawaida na kunapendeza chini ya sukari. Zikipasuka sana, donge lilikuwa kavu au oveni ilikuwa kali mno. Kutanda kunatokana na donge lililoingia likiwa na joto, au soda iliyozidi. Rudisha trei kwenye friji kwa nusu saa kabla ya kuoka.

## Sukari ya juu

17. Lile ganda jeupe linapatikanaje?

Kama umewahi kupika visheti, kazi hii unaijua. Ni shira iliyogandishwa kwa kugeuzwa.

Sukari gramu 200 na maji mililita 80, chemsha bila kukoroga. Ukiwa na kipimajoto, epua kwenye nyuzi 110. Usipokuwa nacho, chota tone, lipoe kidogo, libane kwa vidole viwili uvitenganishe: uzi mfupi ukivutika kisha ukakatika, tayari. Mimina juu ya pryaniki zilizo kwenye bakuli pana, zigeuze taratibu kwa miko miwili. Mwanzoni zinang'aa kama zimelowa, halafu ghafla, mara nyingi ndani ya dakika moja au mbili, zinaingia ukungu mweupe. Hapo acha kugeuza, zitandaze. Ukiendelea utazikwangua.

Pryaniki ziwe zimepoa, shira iwe ya moto.

18. Sukari yangu haikauki, inanata.

Shira haikufika uzi. Zirudishe kwenye oveni ya nyuzi 60 hadi 70, mlango wazi kidogo, dakika 10. Pwani wakati wa masika hata iliyofanywa vizuri hutoa jasho, kwa sababu asali na sukari vyote vinavuta unyevu wa hewa. Majira hayo mimi huacha sukari kabisa, napaka juu maziwa kabla ya kuoka zipate mng'aro. Warusi wana shida ya kinyume: baridi ikiingia wanawasha joto la nyumba, hewa inakauka, pryaniki nazo zinakauka.

## Za jamu na za chapa

19. Natengenezaje ile ya Tula yenye jamu ndani?

Sukuma shuka mbili za unene wa milimita 5 au 6. Ya chini ipake jamu nzito, ukiacha ukingo wa sentimita moja na nusu. Lowesha ukingo kwa maji, funika kwa shuka ya pili, bana pembeni kwa uma. Nyuzi 180 kwa dakika 20 hadi 25, kisha paka shira nyepesi ingali ya moto.

Jamu ndiyo siri. Wao hutumia ya tufaha au ya plamu, iliyopikwa mpaka mwiko ukipita unaacha njia. Jamu ya chupa ya kawaida ni ya majimaji, itatoboa pembeni na kuungua kwenye trei. Ipike tena dakika 10 kwanza. Wengine hujaza maziwa mazito ya kopo yaliyochemshwa mpaka yakawa kahawia. Ni tamu kupita kiasi, na sijawahi kuona zikibaki sahanini.

20. Ubao wa chapa nitaupata wapi, na nikiukosa?

Mbao zao ni za miti kama mbetula, mlinde na mpeasi, zilizokaushwa muda mrefu zisije zikapasuka. Picha huchongwa kinyumenyume, maandishi yakiwa yamegeuzwa kama kwenye kioo. Fundi yeyote anayechonga milango ya nakshi anaweza kukuchongea. Mwambie mifereji iwe na kina cha milimita 5 au zaidi na kingo zisiwe wima, vinginevyo donge halitoki. Mti usiwe wenye utomvu au harufu kali.

Ukiukosa, tumia kibao cha maamuli au chini ya glasi yenye nakshi. Paka mafuta ya kupikia kwa brashi, kidogo sana, kisha kandamiza donge baridi. Ukinyunyizia unga badala ya mafuta, unga utajaa kwenye mifereji.

## Kuhifadhi na mambo ya pembeni

21. Hukaa muda gani?

Wiki tatu kwenye kopo linalofunga vizuri, na siku ya tatu ni tamu kuliko ya kwanza. Zenye jamu ziliwe ndani ya wiki moja. Donge bichi linakaa kwenye friza miezi miwili.

22. Zinaweza kutengenezwa bila mayai na siagi?

Ndiyo, na si uzushi wa leo. Waorthodoksi wa Urusi wakiwa kwenye mfungo hawali nyama, mayai wala maziwa, lakini asali wanaruhusiwa, kwa hiyo wana pryaniki za mfungo. Weka mafuta ya alizeti gramu 80 mahali pa siagi, na chai nzito iliyopoa mililita 90 mahali pa mayai. Zinakuwa ngumu kidogo. Punguza dakika mbili za oveni.

23. Nimpe mtoto mchanga?

Aliye chini ya miezi 12, hapana. Asali inaweza kubeba vijidudu vinavyosababisha botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu, kwa watoto wachanga, na moto wa oveni hauui mbegu zake.

24. Je, ni halali?

Vipimo vya humu havina pombe wala mafuta ya nguruwe. Kuna mapishi yanayotia kijiko cha konyaki kwenye donge. Kiache, hakipunguzi kitu. Ukinunua za pakiti, soma aina ya mafuta.

25. Kozuli za Arkhangelsk nazo naweza kuoka kwa vipimo hivi?

Si hasa. Rangi yake nyeusi inatoka kwenye sukari iliyochomwa sufuriani mpaka ikawa kahawia iliyokolea, kisha ikazimwa kwa maji ya moto. Simama mbali wakati wa kumimina, inaruka. Donge linasukumwa jembamba na kukatwa umbo la mbuzi, kulungu au samaki, halafu linachorwa kwa ute wa yai uliopigwa na sukari laini, mwingi mweupe na waridi kidogo. Ni za Krismasi yao ya tarehe 7 Januari, na watu huzitoa zawadi na kuziweka kama pambo.

Zikiwa mpya zinaliwa vizuri. Yule bibi alikuwa na kulungu mmoja juu ya kabati la vyombo, amekaa miaka, pembe moja haipo. Aliyeivunja ni mjukuu, alitaka kujua kama utamu bado umo. Akasema umo, ila jino lilimuuma siku nzima.